Kupumua: Maneno ya Pumzi na Ubadilishanaji wa Gesi katika Mimea na Wanyama

1. Utangulizi

Neno pumua ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa sayansi hudhani kuwa anayajua tayari. Hulisikia nyumbani kabla hajaingia shule, na maana yake huiona katika kifua cha kila mtu aliye karibu naye: hewa huingia, hewa hutoka. Afikapo darasani, neno lile lile hupewa kazi nyingine. Huambiwa kwamba samaki hupumua, ingawa samaki hana kifua kinachopanda na kushuka. Kwamba mti hupumua, ingawa mti umesimama kimya. Na hatimaye kwamba kila seli hai, iwe ya ubongo wa mtu au ya mzizi wa mgomba, nayo hupumua. Mwanafunzi hujaribu kuyaoanisha mambo haya, na aghalabu hutulia juu ya kauli moja iliyo rahisi kukariri: wanyama huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, na mimea huvuta kaboni dioksidi na kutoa oksijeni.

Kauli hiyo hupendeza masikioni kwa mizani yake. Hata hivyo, nusu yake ya pili haielezi kupumua kwa mimea hata kidogo. Inaeleza jinsi mimea inavyojitengenezea chakula, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Mimea hupumua kama wanyama wanavyopumua, mchana na usiku, na gesi wanayoihitaji kwa kazi hiyo ni ile ile.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, yataeleza namna viumbe mbalimbali wanavyopata oksijeni na kuondoa kaboni dioksidi, kwa kutumia hasa mifano ya viumbe wanaojulikana katika Afrika ya Mashariki. Pili, yataonyesha kwamba neno moja limebebeshwa maana tatu, na kwamba Kiswahili kinao uwezo wa kuzitenga maana hizo bila ya taabu kubwa. Sehemu ya mwisho itaonyesha kwamba mchanganyiko wa maneno katika jambo hili si kosa la mtihani tu, kwani waweza kugharimu maisha.

2. Jamii ya maneno ya pumzi

Kiswahili kina jamii kubwa ya maneno yatokanayo na mzizi wa pumua. Kuna pumzi, yaani hewa yenyewe iingiayo na kutoka, pumzika na pumziko, ambapo kustarehe baada ya kazi hufikiriwa kuwa ni kuirudisha pumzi, pumzisha, na pumu, yaani ugonjwa wa kubanwa njia za hewa. Mtu aliyekimbia huhema, akizidiwa, hutweta. Mwenye wasiwasi hushusha pumzi wasiwasi unapomwondoka. Pamoja na maneno hayo yenye asili ya Kibantu kuna mengine ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiarabu, nayo ni hewa, roho na nafsi. Ndiyo maana kufa husemwa kuwa ni kukata roho.

Ukiyachunguza maneno hayo, utaona kwamba karibu yote hutaja jambo linaloonekana, linalosikika au linalohisika: mwendo wa kifua, sauti ya pumzi, nafuu ya mapumziko. Hakuna hata moja linalotaja kile kinachoitendekea hewa baada ya kuingia mwilini. Hilo si upungufu wa Kiswahili. Hakuna lugha yoyote iliyokuwa na neno la jambo hilo kabla ya karne ya 18, kwa kuwa lilikuwa halijajulikana. Lugha ya Kiingereza leo inayo maneno mawili tofauti, moja la kuvuta na kutoa pumzi na jingine la kazi ifanyikayo ndani ya seli, na bado wanafunzi wake huyachanganya. Kwa hiyo kuwa na maneno mawili hakutoshi. Yapasa mwalimu aonyeshe pia mpaka ulio kati yao.

3. Moto usio na mwali

Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, wataalamu wawili wa Ufaransa, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon de Laplace, walimweka mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mnyama yule, wakapima na gesi aliyoitoa. Kisha walilinganisha hesabu hiyo na ile ya makaa yanayoungua. Waliona kwamba hesabu hizo mbili zinakaribiana, wakahitimisha kwamba kupumua ni namna ya kuungua, ila ni kuungua polepole kusiko na mwali.

Lavoisier alidhani kwamba moto huo huwaka ndani ya mapafu. Katika hilo alikosea. Leo inajulikana kwamba huwaka ndani ya kila seli hai, na kwa viumbe wengi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika visehemu vidogo sana viitwavyo mitokondria. Kuni za moto huo ni chakula, hasa sukari. Kwa kila molekuli moja ya sukari aina ya glukosi hutumika molekuli 6 za oksijeni, na hutoka molekuli 6 za kaboni dioksidi na 6 za maji. Nishati ipatikanayo ndiyo inayouendesha moyo, inayoupa msuli nguvu, na inayouwezesha mzizi kuvuta chumvichumvi kutoka ardhini. Kiumbe anayenyimwa oksijeni hufa kwa sababu kazi hizo husimama.

Kutokana na maelezo hayo tunaweza kuyatenga mambo matatu. La kwanza ni kuisogeza hewa au maji mpaka mahali panapofaa, kama kifua kifanyavyo; hili ndilo ambalo Kiswahili cha kila siku hukiita kupumua. La pili ni kupita kwa gesi katika utando mwembamba kutoka nje kuingia mwilini, au kutoka mwilini kwenda nje. Hili laitwa kubadilishana gesi. La tatu ni ule moto wa ndani, nalo laweza kuitwa upumuaji wa seli. Jambo la tatu linawahusu mimea na wanyama wote waliotajwa katika makala haya. La pili linawahusu pia, kila mmoja kwa njia yake. La kwanza ni la baadhi yao tu, na mti haumo.

Yafaa kuongeza neno kuhusu badilishana. Kauli ya kutendana huashiria kwamba pana pande mbili zinazopeana kitu kwa makusudi. Katika gesi hakuna makusudi yoyote. Kila gesi husambaa yenyewe kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo kidogo, kama harufu ya udi inavyosambaa chumbani. Oksijeni huingia mwilini kwa sababu seli zimeipunguza ndani. Kaboni dioksidi hutoka kwa sababu seli zimeiongeza.

4. Njia za wanyama

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hii yaweza kutumika pia katika elimu ya viumbe, kwa maana ukubwa wa mwili ndio unaoamua ni chombo gani cha kupumulia kinachohitajika. Gesi husambaa kwa haraka katika umbali mdogo sana, lakini huchelewa mno umbali unapoongezeka. Kiumbe wa seli moja hahitaji mapafu, kwa kuwa hakuna sehemu ya mwili wake iliyo mbali na maji yanayomzunguka. Nyungunyungu naye hana mapafu. Hupitisha gesi katika ngozi yake, na kwa sababu hiyo ngozi hiyo sharti iwe na unyevu daima. Nyungunyungu akianikwa juani hufa, kwa maana utando uliokauka haupitishi gesi ipasavyo. Chura ana mapafu, lakini ngozi yake yenye majimaji humsaidia pia.

Wadudu wamefuata njia nyingine. Ubavuni mwa panzi mna safu za vitundu vidogo, na kila kitundu hufungua njia ya mirija inayogawanyika mpaka ikafikia karibu kila seli. Damu yake haina kazi ya kubeba oksijeni. Hewa hupelekwa moja kwa moja. Mtu akimshika panzi na kumtazama tumboni ataona tumbo likibonyea na kutanuka, nako ni kuisukuma hewa katika mirija hiyo. Viluwiluwi vya mbu huishi majini, lakini huvuta hewa ya juu: wale wa jamii ya Culex huning'inia chini ya uso wa maji kwa mrija ulio karibu na mkia, na wale wa jamii ya Anopheles, ambao huleta mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Tabaka jembamba la mafuta likitandazwa juu ya dimbwi huziba njia yao ya hewa, na hilo lilikuwa silaha mojawapo ya zamani katika vita dhidi ya malaria.

Samaki ana kazi ngumu kuliko wote waliotajwa. Lita moja ya hewa ina mililita zipatazo 210 za oksijeni. Lita moja ya maji baridi ya ziwa, katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi, haizidi mililita 6 au 7. Zaidi ya hayo, maji ni mazito kuyasukuma. Samaki huyafungulia maji kinywa, akayapitisha juu ya matamvua, kisha akayatoa chini ya kifuniko cha shavu. Katika matamvua, damu huenda upande mmoja na maji huenda upande wa pili, kiasi kwamba damu inayokaribia kutoka hukutana na maji mapya yenye oksijeni nyingi zaidi. Kwa mpango huo samaki aweza kuchukua hata sehemu 80 katika kila 100 za oksijeni iliyomo ndani ya maji yanayopita. Mtu huchukua kama robo tu ya ile anayoivuta.

Swali hutokea hapa: ikiwa hewa ina oksijeni nyingi kiasi hicho, mbona samaki hufa akitolewa majini? Jibu ni kwamba matamvua yamejengwa kwa vijitando laini ambavyo hutandazwa na maji. Katika hewa vijitando hivyo hulaliana, vikagandamana na kukauka, na nafasi ya kupitishia gesi hutoweka. Samaki hukosa oksijeni ilhali oksijeni imemzunguka.

Kamongo wa Ziwa Viktoria ni tofauti. Samaki huyu ana mapafu, na matamvua yake ni dhaifu. Kamongo mkubwa hulazimika kupanda juu kila baada ya muda kuvuta hewa. Akizuiwa na wavu chini ya maji, huweza kufa kwa kukosa pumzi. Kwa upande mwingine, huishi katika vinamasi vya mafunjo ambamo maji hayana oksijeni ya kutosha samaki wengine. Mbuta, ambaye hutegemea matamvua peke yake, hawezi kustahimili maji ya namna hiyo.

Mtu, kama wanyonyeshao wote, huivuta hewa ndani kwa msuli uliotanda kama kiwambo kati ya kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 hivi kwa dakika, na kila pumzi ni kama nusu lita. Hewa hiyo hufikia vifuko vidogo vya mapafu, ambavyo idadi yake ni mamia ya mamilioni. Vikitandazwa vyote, eneo lake hukaribia meta za mraba 70. Hapo oksijeni hupita na kushikwa na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Hewa aivutayo mtu ina sehemu kama 21 za oksijeni katika kila 100, na kaboni dioksidi kidogo mno, kiasi cha 0.04. Hewa aitoayo ina oksijeni kama 16 na kaboni dioksidi kama 4. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba hewa tunayoitoa bado ina oksijeni nyingi, na ndiyo maana mtu aliyezimia huweza kuokolewa kwa kupuliziwa pumzi ya mwenziwe.

5. Kazi mbili za jani

Mnamo 1771 Joseph Priestley, kasisi na mwanasayansi wa Uingereza, alifunika kijiti cha mnanaa katika chombo ambamo mshumaa ulikuwa umewaka mpaka ukazimika. Baada ya siku kadhaa aliona kwamba mshumaa unaweza kuwaka tena humo. Mmea ulikuwa umeirekebisha hewa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu mzaliwa wa Uholanzi, alichapisha majaribio yaliyoonyesha mambo mawili zaidi: kwamba mmea huirekebisha hewa kwa sehemu zake za kijani tu, tena penye mwanga, na kwamba gizani mmea huichafua hewa kama mnyama aichafuavyo.

Kazi ya mwangani ndiyo iitwayo usanisinuru, neno lililoundwa kwa kuunganisha usanisi na nuru. Jani huchukua kaboni dioksidi na maji, likatumia nguvu ya mwanga unaonaswa na umbijani, likatengeneza sukari. Oksijeni hutoka kama ziada. Kazi ya pili ni upumuaji wa seli, nayo haikomi mchana wala usiku. Mchana kwenye jua kali, usanisinuru huzidi upumuaji mara nyingi, kwa hiyo kinachoonekana kwa nje ni jani linalotoa oksijeni. Usiku usanisinuru husimama, na jani huonekana likichukua oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Kumekucha au machweo, pana muda mfupi ambapo kazi hizo mbili hulingana, na jani huwa kama halitoi wala halichukui kitu.

Gesi hupita katika vitundu vidogo viitwavyo stomata, ambavyo kwa mimea mingi ni vingi zaidi upande wa chini wa jani. Kila kitundu kina seli mbili za kukifungua na kukifunga. Kitundu kikiwa wazi, kaboni dioksidi huingia, lakini mvuke wa maji hutoka pia. Mmea wa nchi kavu umo katika shida ya kudumu: ukifunga mlango hupata njaa, ukifungua hupata kiu. Mkonge na mnanasi umeitatua shida hiyo kwa kufungua vitundu vyake usiku wakati wa ubaridi, ukaihifadhi kaboni dioksidi katika umbo la asidi, kisha ukaitumia mchana milango ikiwa imefungwa. Ndiyo sababu mkonge hustawi katika nyanda kavu ambako mimea mingi hunyauka.

Watu wengine huogopa kulala chumbani penye mmea kwenye chungu, wakidai kwamba usiku utawamalizia hewa. Hofu hii inatokana na ukweli nusu. Ni kweli kwamba mmea hutumia oksijeni usiku, lakini kiasi chake ni kidogo sana kikilinganishwa na kile anachotumia mtu mmoja aliyelala pale pale. Anayeweza kulala chumba kimoja na ndugu yake hana sababu ya kuuogopa mmea.

Kupumua kwa mimea huweza kuonyeshwa darasani bila ya vyombo vya gharama. Kunde zilizolowekwa na kuanza kuchipua huwekwa katika chupa iliyofungwa. Katika chupa ya pili huwekwa kunde zilizochemshwa na kupozwa. Baada ya siku moja, hewa ya kila chupa hupitishwa katika maji safi ya chokaa. Yale ya chupa ya kwanza hugeuka meupe kama maziwa, dalili ya kaboni dioksidi. Ya pili hubaki yalivyo. Kunde zilizokufa hazipumui. Mkulima anaijua hali hiyo kwa njia nyingine: mahindi yaliyorundikwa yakiwa mabichi hupata joto ndani ya rundo, kwa sababu punje na kuvu vinapumua kwa pamoja. Elimu hiyo hiyo hutumika katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi wa Kenya huhifadhia nafaka kavu siku hizi. Fukusi na dumuzi waliomo hutumia oksijeni iliyobaki mpaka ikapungua mno, nao hufa bila ya dawa yoyote.

6. Mizizi ya kupumulia

Mzizi hauna umbijani wala hauoni jua. Hauna oksijeni ya kwake, bali hutegemea hewa iliyomo katika nafasi za udongo. Shamba la mahindi likifurika maji kwa siku kadhaa, majani hugeuka manjano, na watu husema kwamba mahindi yamezidiwa na maji. Kwa hakika yamekosa hewa mizizini. Mpunga huishi majini kwa kuwa shina lake lina mifereji ya hewa inayoshuka kutoka majani hadi mizizi.

Mfano ulio bora zaidi umo katika misitu ya mikoko ya pwani. Tope la mikoko karibu halina oksijeni kabisa, na bahari hulifunika mara mbili kwa siku. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyoinama kama magongo. Mchu na mlilana hupeleka mizizi juu badala ya chini, nayo huchomoza topeni kwa wingi kama vigingi. Juu ya mizizi hiyo mna vitundu vinavyopitisha hewa lakini havipitishi maji. Mwaka 1955 P. F. Scholander na wenzake walichapisha vipimo walivyovifanya katika mikoko ya Marekani. Maji yalipojaa, oksijeni ndani ya mizizi ilipungua, na mkandamizo wa hewa humo ukashuka. Maji yalipokupwa, hewa mpya iliingia. Walipoziba vitundu kwa grisi, oksijeni iliendelea kupungua hata wakati wa maji kupwa.

Kiswahili huweza kuiita mizizi hiyo mizizi ya kupumulia. Kauli ya kutendea hapa inaonyesha chombo, kama katika kisu cha kukatia, na hairuhusu mtu kudhani kwamba mzizi una pumzi inayopanda na kushuka. Jina hilo linaeleza pia tukio la Hori ya Mwache karibu na Mombasa. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi kutoka bara, ukaifukia mizizi ya mikoko, na sehemu kubwa ya msitu ikafa. Maji yalikuwapo na jua lilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya hewa. Mafuta ya meli yamwagikapo hudhuru mikoko kwa njia iyo hiyo, kwa kuvipaka na kuviziba vitundu vya mizizi.

7. Majina ya hewa iuayo

Kaboni dioksidi imepata jina jingine katika magazeti na redio, nalo ni hewa ukaa. Jina hilo ni zuri, kwani ukaa na makaa ni jamii moja, na mtu hufahamu mara moja kwamba gesi hiyo hutokana na kuungua. Lakini makaa yanayowaka penye hewa haba hutoa pia gesi ya pili, kaboni monoksidi, na msikilizaji asiyefafanuliwa huweza kudhani kwamba zote mbili ni hewa ukaa ile ile.

Tofauti yake ni kubwa. Kaboni dioksidi ikizidi humfanya mtu ahisi dhiki na kuhema kwa nguvu, kwa maana mwili unao uwezo wa kuitambua. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, wala haileti dhiki ya pumzi. Huingia mapafuni kwa urahisi, ikashikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, na mapafu yanajaa hewa kama kawaida. Lakini damu haina nafasi ya kubeba oksijeni, na moto wa ndani ya seli huzimika. Kwa hiyo wale wanaokutwa wamekufa asubuhi katika chumba chenye jiko la makaa, milango na madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi, si lazima wawe wamemaliza hewa ya chumba. Anayeamini kwamba hatari ni kumalizika kwa hewa atasema kwamba chumba chake ni kikubwa, au kwamba atafungua dirisha atakapoona pumzi inambana. Pumzi haitambana. Ataumwa na kichwa, atalegea, atasinzia. Jiko la makaa halipaswi kulala chumbani na watu, hata kama makaa yanaonekana kuwa yamefifia.

Kaboni dioksidi nayo huua mahali inapokusanyika. Karibu na Goma, mashariki ya Kongo, katika nchi ya volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira, gesi hiyo hutoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kiasi cha mara moja na nusu, hutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku usipokuwapo upepo. Wenyeji huyaita mahali hapo, pamoja na hewa yake, mazuku. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita salama, ilhali mtoto au mbuzi aliye pamoja naye akaanguka, kwa maana gesi imeishia kimo cha kiuno. Penye gesi hiyo sehemu 10 au zaidi katika 100, fahamu hupotea kwa muda mfupi. Neno mazuku halikutoka katika kamusi ya sayansi, bali limetoka kwa watu waliojifunza mahali pa kutokulala na pa kutochunga. Jina mahsusi lililopewa hatari mahsusi limewafaa wengi.

8. Hitimisho

Kiswahili hakikosi maneno ya kufundishia elimu ya kupumua. Tangu masomo yote ya shule za msingi yaanze kufundishwa kwa Kiswahili nchini Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960, istilahi nyingi za sayansi zimeundwa, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990. Kinachohitajiwa ni uangalifu katika matumizi. Kupumua kubaki na maana yake ya asili ya kuvuta na kutoa pumzi. Kupita kwa gesi katika ngozi, matamvua, vifuko vya mapafu au stomata kuitwe kubadilishana gesi. Kazi ya ndani ya seli iitwe upumuaji wa seli, nayo itajwe waziwazi kwamba ni ya mimea na wanyama vilevile. Usanisinuru usiitwe kupumua kwa namna yoyote. Na kaboni monoksidi itajwe kwa jina lake kila inapoua, isifichwe ndani ya hewa ukaa.

Mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza, kama ilivyo katika shule nyingi za Kenya, hana budi kuyajua maneno haya pia, kwani mwanafunzi wake huja darasani akiwa tayari na neno pumua, na maelezo yote atakayopewa atayapokea kupitia neno hilo. Arudipo nyumbani jioni ya baridi, ni kwa lugha ya nyumbani atakayowaeleza wazazi wake kwa nini jiko litolewe nje kabla ya kulala.